Kufufua Mashine Kuukuu ya Espreso: Kemia ya Ukoko wa Chokaa

Birika lililotumika kwa miaka mingi kuchemshia maji ya kisima cha pwani huota ndani yake utando mweupe, mgumu kama jiwe. Wengine huuita ukoko, kwa kuufananisha na ukoko wa wali. Wengine husema tu kwamba birika limeingia chokaa. Mpika chai haoni tabu kubwa: maji huchelewa kidogo kuchemka, na mara moja moja chembe nyeupe huonekana zimetua chini ya kikombe. Lakini utando huo huo ukiota ndani ya boila la mashine ya kahawa, ambamo maji hutiwa joto kupita kiwango chake cha kawaida cha kuchemka na mvuke wake hufungiwa ndani, mambo hubadilika. Koili ya kupashia joto huungua, mabomba huziba, na vali iliyowekwa ili kuwalinda watu hugandamana na kiti chake, isifunguke siku itakapohitajika. Tena kuuondoa ukoko huo si kazi ya kukurupukia, kwani zipo mashine nyingi ambazo zimeharibiwa na dawa kuliko ugonjwa.

Mashine hizo ni zile za espreso, zilizobuniwa na kukuzwa nchini Italia. Nyingi kati ya zile zilizoundwa mjini Milano katika miaka ya 1950 na 1960 zingali hai. Baadhi zimehifadhiwa katika makumbusho, kama yale ya mashine za kahawa yaliyofunguliwa mwaka 2012 huko Binasco, karibu na Milano. Nyingine hununuliwa zikiwa zimeoza, zikafunguliwa, zikasafishwa na kurudishwa kazini. Mafundi ndio wenye kazi hiyo, lakini karibu kila hatua yake imo katika vitabu vya kemia na fizikia vya shule za sekondari.

Kanieneo na joto

Muuza kahawa wa mwambao huichemsha kahawa yake taratibu juu ya makaa, kisha huimimina kutoka katika mdila. Espreso ni njia nyingine kabisa. Maji ya moto husukumwa kwa nguvu yapite katika kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa, na katika muda wa sekunde 25 hadi 30 kikombe kidogo huwa tayari. Swali lililowasumbua wabunifu kwa zaidi ya nusu karne ni hili: nguvu hiyo itoke wapi?

Angelo Moriondo wa Torino alipata hataza ya mashine ya kahawa ya mvuke mwaka 1884. Luigi Bezzera wa Milano alipata ya kwake mwaka 1901, na Desiderio Pavoni akaanza kuziunda mashine za namna hiyo mwaka 1905. Mashine za enzi ile zilikuwa na boila refu lililosimama wima, lenye mapambo ya shaba, na baadhi ziliwekewa sanamu ya tai kileleni. Zilitegemea mvuke wa boila lenyewe kuyasukuma maji, na hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wake. Katika chombo kilichofungwa, kanieneo ya mvuke na joto la maji ni mapacha wasioachana. Kanieneo ikiwa angahewa 1 zaidi ya hewa ya nje, maji huwa na joto la nyuzi 120 za Sentigredi. Ili kupata angahewa 9 zaidi ya hewa ya nje, ambayo ndiyo kanieneo inayofaa kwa espreso, ingebidi maji yafikie nyuzi 180 hivi. Maji ya joto hilo huiunguza kahawa, nayo kahawa huhitaji maji ya nyuzi 90 hadi 96 tu. Kwa hiyo wazee wale waliridhika na kanieneo ndogo, na kahawa yao bado ilikuwa na ladha ya kuungua.

Aliyewatenganisha mapacha hao ni Achille Gaggia, pia wa Milano. Katika mashine zake zilizoanza kuuzwa mwaka 1948, mvuke haukusukuma tena kahawa. Mhudumu alivuta mkono wa chuma, springi nzito ikabanwa, kisha springi hiyo ndiyo iliyoisukuma pistoni na maji. Mwanafunzi anaweza kuikadiria nguvu yake. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 5 ina eneo la sentimita mraba 20 hivi. Kwa kanieneo ya angahewa 9, springi husukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 180. Fundi anayeifungua mashine ya namna hiyo bila kuibana springi kwanza kwa kifaa maalumu anacheza na mzigo wa magunia mawili ya mahindi uliokunjwa ndani ya kopo.

Mwaka 1961 kampuni ya Faema, iliyoongozwa na Ernesto Valente, ilitoa mashine iitwayo E61. Herufi E ilitokana na neno la Kiitalia la kupatwa kwa jua, kwa kuwa tarehe 15 Februari mwaka huo jua lilipatwa kabisa katika sehemu za Italia. Katika E61 springi iliondolewa na mahali pake pakawekwa pampu ya umeme. Maji ya kahawa hayachotwi moja kwa moja kutoka katika boila. Hupita katika bomba lililozamishwa ndani ya maji ya boila, yakapata joto lake humo bila kuchanganyika nayo. Kutoka hapo yana njia ya kwenda katika kichwa kizito cha shaba cha kutolea kahawa na njia ya kurudi. Maji ya moto ni mepesi kuliko yaliyopoa, kwa hiyo hupanda kwa njia moja na kushuka kwa nyingine mchana kutwa bila kusukumwa na chochote, na kichwa cha shaba hubaki na joto lile lile. Katika njia hiyo kuna tundu lisilofika upana wa milimita 1. Punje moja ya chokaa iliyobanduka penginepo na kukwama hapo hutosha kuisimamisha kazi: mzunguko unakoma, kichwa kinapoa, na kahawa inatoka chachu. Mwenye mashine hulaumu buni.

Jinsi ukoko unavyozaliwa

Chokaa tupu haiyeyuki kirahisi katika maji. Lita 1 ya maji safi huyeyusha miligramu 14 hivi tu za kaboneti ya kalsiamu. Lakini maji ya mvua yanapopita ardhini huchukua gesi ya kabonidayoksaidi na kuwa tindikali hafifu, na maji ya namna hiyo hugeuza kaboneti kuwa bikaboneti, ambayo huyeyuka kwa wingi. Haya ndiyo maji magumu. Yakitiwa moto, gesi hutoroka na chokaa hurudi katika hali yake ya ujiwe:

Ca(HCO3)2 → CaCO3 + H2O + CO2

Wanafunzi waliopata kutembelea mapango ya Amboni, karibu na Tanga, wameyaona matokeo ya kanuni hii. Maji yaliyeyusha mawe ya chokaa yakachimba mapango. Kisha, yakidondoka tone baada ya tone na kupoteza gesi yake, yakaacha nguzo za mawe zilizoning'inia darini. Amboni kazi hiyo imechukua maelfu ya miaka. Ndani ya boila la nyuzi 120 huchukua siku chache.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Tuseme maji yana ugumu wa muda wa miligramu 200 kwa lita, na boila linapokea lita 20 za maji mapya kila siku. Chokaa yote ikidondoka ndani, ni gramu 4 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi ni kilo 1 na gramu 200. Katika mashine ya Gaggia, ambayo maji ya kahawa hutoka katika boila lenyewe, sehemu kubwa ya chokaa hubaki pale maji yanapopata joto zaidi, yaani juu ya koili. Shaba nyekundu hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko ukoko huo. Koili iliyovikwa ukoko ni kama mtu aliyefunikwa blanketi juani: joto linazalishwa lakini halina pa kutokea, na mwishowe waya wa ndani hukatika.

Kuifungua mashine

Kabla ya tindikali yoyote huja spana, na kabla ya spana huja tahadhari. Mashine nyingi za miaka hiyo zilikuwa na asbestosi katika gasketi na katika kitambaa kilichozungushiwa boila ili kulinda joto. Italia ilipiga marufuku asbestosi mwaka 1992 kwa sababu vumbi lake huleta maradhi ya mapafu na saratani. Fundi mwenye busara haikwangui gasketi kavu wala haipulizii hewa. Huiloanisha, huivua nzima, na kuifungia ndani ya mfuko ili ikatupwe inavyopasa.

Yaliyobaki ni kazi ya subira. Bolti za chuma zilizokaa miaka 60 katika shaba yenye unyevu huwa zimeliwa, kwa kuwa metali mbili zilizogusana penye maji yenye chumvi huunda betri ndogo, na katika betri hiyo chuma ndicho kinachopotea. Bolti huloweshwa mafuta, hutiwa joto, huachwa, kisha hujaribiwa tena. Anayelazimisha hubaki na kichwa cha bolti mkononi na mwili wake ndani ya shaba. Kila kipande huchorwa na kuandikwa kilipotoka.

Boila likishafunguliwa hutazamwa kwa taa. Mara nyingine ukoko huwa na unene wa kidole, na chini yake kuna vigae vilivyobanduka vyenyewe. Hivyo hutolewa kwa mkono. Kila gramu inayotoka kwa mkono ni gramu isiyohitaji tindikali.

Tindikali na mipaka yake

Tindikali inayofaa kwa kazi hii ni ya sitriki, ile inayoyapa malimau na ndimu ukali wake, ambayo huuzwa ikiwa unga mweupe. Siki hufanya kazi pia, ila ni dhaifu na harufu yake huganda. Tindikali ya haidrokloriki huumaliza ukoko kwa dakika chache, na kwa sababu hiyo hiyo haifai: haina subira ya kutofautisha chokaa na mashine, na hushambulia zinki iliyomo katika shaba ya njano pamoja na kromi iliyopakwa nje.

Kwa kila gramu 300 za chokaa huhitajika gramu 384 za tindikali ya sitriki. Kwa hiyo ukoko wa kilo 1 na robo unataka zaidi ya kilo 1 na nusu ya unga, nayo haitiwi yote kwa mara moja. Sitreti ya kalsiamu inayozaliwa haiyeyuki sana, na katika maji ya moto huyeyuka kidogo zaidi kuliko katika maji baridi. Fundi anayetia tindikali nyingi na kuichemsha ili amalize upesi hujikuta ameondoa ukoko mmoja na kupaka mwingine. Maji ya vuguvugu, tindikali kidogo, kumwaga na kuanza upya mara nne au tano: hiyo ndiyo njia.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulisahau. Gramu 100 za chokaa hutoa lita 24 hivi za gesi ya kabonidayoksaidi. Kilo 1 hutoa lita 240. Boila la lita 10 lililozibwa matundu yote huku tindikali ikifanya kazi ndani ni bomu linalojijaza lenyewe. Tundu la juu huachwa wazi tangu mwanzo hadi mwisho, na dirisha la chumba pia.

Rangi ya maji humweleza fundi mengi. Povu likikoma, chokaa imekwisha au tindikali imechoka. Tone jipya la tindikali litaonyesha ni lipi kati ya hayo mawili. Maji yakiwa ya buluu, tindikali imeanza kuyeyusha oksidi ya shaba. Na vipande vya shaba ya njano vikianza kuwa na rangi ya waridi, vitolewe mara moja. Huenda zinki inayeyuka na kuiacha shaba nyekundu ikiwa na vinyweleo kama sifongo. Au shaba iliyoyeyuka kutoka penginepo inajipaka juu yake. Kwa macho hali hizo mbili hufanana. Ile ya pili husuguliwa ikatoka, lakini ile ya kwanza huua kipande.

Ukoko kama vazi

Hadi hapa ukoko umesemwa kama adui tu, na hivyo ndivyo wauzaji wa dawa za kusafishia wanavyoueleza. Ukweli una upande wa pili. Utando mwembamba wa chokaa na oksidi huitenga metali na maji. Shaba ya njano ya zamani ilichanganywa na risasi kidogo ili ichongeke vizuri, na viungo vingine vilichomelewa kwa lehemu yenye risasi. Tindikali inapouvua utando wote, metali hubaki uchi, na maji ya kwanza yanayopita humo huweza kubeba risasi nyingi kuliko yale yaliyopita wakati mashine ilipokuwa chafu. Kiwango kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 za risasi kwa lita, kiasi kidogo kisichoonekana wala kuonjeka.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulionekana katika mji wa Flint, nchini Marekani. Mwezi Aprili 2014 mji huo ulibadili chanzo chake cha maji na kuanza kutumia maji ya mto bila kuyatia dawa ya kuzuia kutu. Maji mapya yaliutafuna utando uliokuwa ukilinda ndani ya mabomba ya kale, na risasi ikaingia majumbani, watoto wakaathirika. Mabomba hayakuwa mapya wala hayakuongezwa. Kilichoondoka ni vazi lake.

Kwa hiyo mafundi wenye ujuzi hawasugui boila mpaka ling'ae kama sarafu mpya. Huondoa ukoko mnene, hasa kwenye koili, vali na matundu membamba, na shaba yenye wekundu uliofifia huiacha ilivyo. Baada ya tindikali boila husuuzwa mara nyingi, moja ya mara hizo kwa maji yenye bikaboneti ya sodiamu ili kuua tindikali iliyobaki. Kisha mashine huendeshwa kwa siku kadhaa, na maji yake yote humwagwa. Viungo vya lehemu ya risasi hubadilishwa. Mashine itakayokaa makumbusho bila kuwashwa haihitaji haya yote. Kwake ukoko wenyewe ni sehemu ya historia, na unaweza kuachwa.

Jaribio la maji baridi

Ukoko huweza pia kuwa umeziba tundu. Boila lililokuwa halivuji likiwa chafu huweza kuvuja likiwa safi, kwa kuwa shaba ilikuwa imetoboka zamani na chokaa ndiyo iliyokuwa ikishikilia. Ndiyo maana haliwashwi kabla ya kujaribiwa.

Jaribio hufanywa kwa maji baridi. Boila hujazwa hadi hewa yote itoke, kisha pampu ya mkono huongeza kanieneo ifike mara moja na nusu hadi mara mbili ya ile ya kazi, na geji hutazamwa. Maji hayabanwi kama hewa. Boila lililojaa maji baridi likipasuka, hutoa mchirizi tu na geji hushuka papo hapo. Boila la moto halifanyi hivyo. Lita 10 za maji ya nyuzi 120 zikifunguliwa kwa ghafula hushuka hadi nyuzi 100, na joto linaloachwa, kilojuli 840, hugeuza karibu gramu 370 za maji kuwa mvuke. Mvuke huo hutaka nafasi ya lita 600 na zaidi, kwa wakati mmoja, mbele ya uso wa mhudumu. Vali ya usalama kuukuu haifufuliwi, hununuliwa mpya. Vali ya kuingizia hewa nayo hukaguliwa, kwani mashine ikipoa mvuke hugeuka maji, ombwe huzaliwa ndani, na bila vali hiyo boila litafyonza maziwa kutoka katika jagi kupitia bomba la mvuke.

Darasani

Mwalimu asiye na mashine wala maabara kubwa anaweza kuonyesha sehemu muhimu za haya. Ganda la yai au kipande cha tumbawe kilichopondwa hutiwa katika chupa yenye maji ya ndimu, na gesi inayotoka hupitishwa kwa mpira hadi katika maji ya chokaa, ambayo yatakuwa meupe kama maziwa. Jaribio likirudiwa kwa maji baridi na ya vuguvugu, wanafunzi watahesabu tofauti ya mwendo. Kwa jaribio la pili, waya mkuukuu wa shaba ulioota kutu ya kijani hulazwa usiku kucha katika maji ya ndimu yenye chumvi kidogo. Asubuhi waya hutolewa, na msumari wa chuma uliosuguliwa kwa msasa hutumbukizwa mahali pake. Baada ya saa chache msumari utakuwa umevaa wekundu wa shaba. Wanafunzi waulizwe kwanza watabiri, kisha waeleze kwa nini fundi haruhusu bolti za chuma kuoshwa katika chombo kimoja na vipande vya shaba. Maji yaliyotumika katika jaribio hili yasionjwe.

Linabaki suala la maji ya kutumia mashine ikishapona. Mtu angedhani maji ya mvua, yasiyo na chokaa hata kidogo, ndiyo bora. Sivyo, kwa kuwa maji matupu mno yana njaa ya metali na hayajengi utando wowote wa kuilinda. Mafundi huchagua maji yenye ugumu mdogo, au hupitisha maji magumu katika chombo chenye chembe zinazochukua kalsiamu na kutoa sodiamu badala yake. Chembe hizo zikishiba huoshwa kwa maji ya chumvi ya kawaida, ile ya jikoni, zikaanza upya. Kwa mashine inayofanya kazi kila siku, chombo hicho huoshwa kwa kufuata kalenda, pasipo kungoja kahawa ibadilike ladha.